Dumu la Ijumaa

Kaka yangu Onesphory alikuwa na msemo mmoja ulionikera kuliko mbu: "Mafuta ni mafuta." Aliusema akipima mafuta ya taa, aliusema akipima petroli, na siku moja nilimsikia akiusema huku anakaanga mayai. Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilisoma miaka mingi ili nijue kwamba mafuta si mafuta, na kila mwaka nawafundisha hivyo wanafunzi wa kidato cha tatu kwa kutumia shanga, kwa sababu shule yetu ya kata pale Gendabi ilipofunguliwa ilipewa ubao, chaki na mwalimu mkuu, basi.

Nawaambia hivi. Mafuta ghafi yanapotoka ardhini ni gunia la shanga zilizochanganyika, nyingine zimetungwa kwenye uzi mfupi, nyingine kwenye uzi mrefu. Yakichemshwa na mvuke wake ukaingizwa kwenye mnara, nyuzi fupi zinapanda juu kabisa na nyuzi ndefu zinabaki chini. Juu unapata gesi ya kupikia. Inafuata petroli, shanga saba au nane kwenye uzi. Halafu mafuta ya taa, shanga kumi na mbili hivi. Halafu dizeli, halafu oili, na mwisho kabisa lami, ambayo sisi tulikuwa tunaisikia tu kwenye kampeni. Uzi mfupi hautulii. Petroli ukiifungua tu imeshaanza kugeuka mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu. Unatambaa chini kama nyoka mpaka ukutane na moto. Mafuta ya taa yana subira, na kwenye baridi ya asubuhi chini ya mlima Hanang hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka uyape utambi.

Haya yote nilikuwa nayajua mwaka 2008. Nayasema mwanzoni ili nisije nikajificha nyuma ya ujinga. Wengine walikuwa na haki ya kutojua. Mimi sikuwa nayo.

Onesphory alikuwa na duka la mabati kando ya barabara, na nyuma yake mapipa mawili, la petroli na la mafuta ya taa. Wazazi wetu walifariki kule Endagikot nikiwa darasa la sita, na yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee. Kila kitabu nilichosoma kilinukia petroli kutoka mikononi mwake. Kwa hiyo nilimpenda, na nilimwogopa pia, maana alikuwa na hasira za karibu na mkono mwepesi.

Pikipiki za Kichina zilikuwa zimeanza kujaa vijijini, na petroli ilikuwa ghali kuliko mafuta ya taa. Onesphory akaona njia. Akawa anachanganya petroli na mafuta ya taa, anauza kama petroli safi. Injini zikaanza kugonga na kutoa moshi. Alhamisi ile mchana, dereva wa pikipiki aitwaye Abel akaja dukani akisukuma pikipiki iliyokufa, akaipiga teke ndoo ya kupimia, akamwita kaka yangu mwizi mbele ya watu.

"Sema tena," Onesphory akamwambia.

"Mwizi! Injini yangu umeiua!"

Onesphory akamchapa spana ya mdomo. Abel akaanguka kwenye matope ya mafuta, jino likabaki pale chini, na kabla hajainuka akapigwa mateke mawili ya mbavu. Watu wakawatenganisha. Abel akaondoka anatema damu, akasema siku itafika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na madaftari kifuani. Nilimwonea Abel huruma, lakini nilikaa kimya, maana kwetu mdogo hamkaripii mkubwa mbele za watu.

Kuanzia hapo hakuna mwenye pikipiki aliyegusa petroli ile. Pipa lilikuwa zaidi ya nusu. Jioni hiyohiyo, bila kumwambia mtu, Onesphory akachukua mpira, akanyonya mchanganyiko wote akauhamishia kwenye pipa la mafuta ya taa. Kwa akili yake alikuwa anairudisha nusu ya mali, ile ya mafuta ya taa, nyumbani kwao. Mafuta ni mafuta.

Mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Nilichukua chupa moja ya koroboi yangu, na nilipoiwasha moto ukaruka mpaka kwenye nyusi zangu. Niliirusha nje, nikalala gizani nikinuka nywele zilizoungua. Kesho yake, Ijumaa, baada ya vipindi, nikafanya jaribio ambalo hata mtoto anaweza kulifanya. Nilidondosha tone la mafuta yale kwenye karatasi, na pembeni tone la mafuta ya taa ya zamani ya shule. Tone la shule likabaki doa la mviringo. Lile la kaka likapungua macho yangu yakiona, doa likabaki dogo na hafifu. Sehemu kubwa yake ilikuwa imeruka hewani. Ilikuwa petroli.

Nikaenda dukani saa kumi na moja jioni nikitembea kwa hasira. Pale kwenye ngazi nikakutana na Udagwenga, mke mkubwa wa mzee Gidabuday, anatoka na dumu la njano la lita tano kichwani. Gidabuday alikuwa mfugaji, Mbarabaig, boma lake likiwa mwendo wa dakika ishirini kutoka dukani, chini kidogo ya bomba la maji. Udagwenga alikuwa na umri wa mama yangu, amevaa sketi yake ya ngozi iliyopakwa samli na shuka jekundu la nailoni begani. Nililitazama lile dumu. Nikapita, nikaingia ndani.

"Umechanganya petroli kwenye mafuta ya taa," nilimwambia kaka yangu. "Koroboi yangu imelipuka. Hii itaua watu."

"Punguza sauti."

"Nani mwingine umemuuzia?"

"Wewe, na huyo mama aliyetoka. Kuna nini?"

"Funga hilo pipa! Mwite yule mama arudi!"

Alikuwa ameshika mpira wa kunyonyea mafuta. Akanichapa nao usoni, mara moja, kutoka sikioni mpaka kidevuni, na mafuta yaliyobaki ndani yakanirukia machoni. Nikapiga magoti. Sikuona kitu kwa muda, nilisikia tu anapumua. Halafu akachuchumaa mbele yangu, akanifuta uso kwa shati lake, akaanza kulia. Kaka yangu alikuwa hivyo, anapiga halafu analia.

"Benedikta, unataka nifungwe? Watu wa Abel wanatafuta sababu tu. Pipa nalifunga sasa hivi, unaona? Naligonga kifuniko kwa nyundo. Sitauza hata kijiko."

Na kweli akaligonga.

"Na dumu la yule mama?"

"Lile ni la kupe. Hawawashi taa na lile, wanapaka ng'ombe. Kupe hawahitaji kiberiti."

Hapo ni lazima nieleze. Zamani kulikuwa na josho la ng'ombe pale Gendabi, na dawa ilikuwa ya serikali. Serikali ilipojitoa kwenye mambo hayo, josho likakauka, mbuzi wakawa wanazaliana ndani yake. Wafugaji wakatafuta dawa yao wenyewe: mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu ya magari, yanapakwa kwa brashi ya majani kwenye masikio, kwapa na matiti. Gidabuday alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi asubuhi kwa miaka kumi, na hakuna hata unyoya uliowahi kuungua.

Kupe hawahitaji kiberiti. Nililipokea neno lile kama mwenye njaa anavyopokea kiazi. Damu ni nzito kuliko maji, nikajiambia, na ng'ombe hawana utambi. Nikaenda nyumbani, nikaukanda uso wangu kwa maji ya chumvi, nikasahihisha madaftari. Swali la nne lilikuwa: Eleza kwa nini petroli haihifadhiwi karibu na jiko.

Jumamosi alfajiri nilienda bombani na ndoo yangu. Kulikuwa kumetulia kabisa, moshi wa majumbani ulikuwa umelala bondeni. Chini yangu niliona zizi la Gidabuday lote, ua wa miiba, ng'ombe zaidi ya arobaini wamebanana. Gidabuday na wadogo zake wawili walikuwa wanapaka. Beseni la dawa lilikuwa wazi juu ya jiwe, upande wa juu wa zizi. Upande wa chini, kwenye kona, kulikuwa na rundo la samadi linalofuka moshi.

Kila boma la mfugaji lina rundo lile. Linafukuza nzi. Nimeliona kila siku tangu nizaliwe. Mimi mwenye shahada, mwenye shanga, mwenye swali la nne, nilikuwa nimelisahau. Sasa nikaona jinsi ardhi inavyoteremka kutoka kwenye beseni mpaka kwenye ile kona, na nikaona moshi umepungua, na Udagwenga ameinama anapuliza makaa ili yafuke tena.

"Mama, acha!" nilipiga kelele. "Usipulize!"

Akainua kichwa kunitazama. Pumzi yake ilikuwa imeshatoka. Ulimi mdogo wa moto ukasimama kwenye samadi, halafu ardhi yenyewe ikawaka. Niliona moto wa buluu ukikimbia juu ya matope, katikati ya miguu ya ng'ombe, ukipanda mlima kwenda kwenye beseni, haraka kuliko mbwa. Beseni likalipuka. Ng'ombe kumi na tano waliokuwa wamepakwa wakashika moto wote kwa pamoja.

Sitaki kusimulia sauti ile, lakini nimeshaanza. Ng'ombe anayeungua halii kama ng'ombe, analia kama mtu mzima. Walivunja ua wa miiba kwa vifua. Mdogo mmoja wa Gidabuday akakanyagwa, mguu ukatokeza mfupa. Udagwenga alikuwa anawaka kuanzia kiunoni kwenda juu, anazunguka palepale, mikono ameinua. Nilishuka ule mteremko sijui kwa miguu ipi. Nikambwaga chini, nikamlalia, nikamfunika kwa khanga yangu iliyolowa maji ya ndoo, nikammwagia udongo. Sketi ya ngozi haikuungua hata kidogo. Shuka la nailoni liliyeyuka likagandia mwilini, maana nailoni nayo ni mtoto wa mafuta ghafi yaleyale. Nilijaribu kulibandua, ngozi ikaja nalo, nikaacha.

Gidabuday alikuwa ametoka nje ya zizi na mkuki. Alikuwa anawakimbiza ng'ombe wake wanaowaka, anawachoma mmoja mmoja nyuma ya bega, na kila mmoja alimwita jina kabla ya kumchoma. Aliua tisa. Nilihesabu bila kutaka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi, na hakutoa sauti nyingine zaidi ya yale majina.

Wengine walikuwa wameingia shambani kwa Nicodemo Margwe, jirani yake, mkulima Mwiraqw kama mimi. Mahindi yalikuwa yamekauka yanangoja kuvunwa. Ekari tatu zikaondoka kabla jua halijatoka vizuri. Margwe akatoka na panga, kifua wazi, anapiga kelele kwamba wafugaji wamemchomea shamba. Mke wake Imakulata alikuwa nyuma yake na koleo. Wakakutana katikati ya moshi na ndugu wa Gidabuday wanaokimbilia zizini na fimbo na mikuki. Hakuna aliyeuliza swali. Margwe alimkata mtu wa kwanza bega, damu ikaruka kwenye mabua. Fimbo ya mwingine ikamvunja yeye mkono, panga likaanguka, wakamwangukia wote. Wakulima wakaja kwa mayowe. Kwa muda wa nusu saa watu waliobatiziana watoto na kuazimana plau wakapasuana vichwa kwa chochote kilichokuwa karibu. Niliona mzee wa kanisa anampiga mtu kwa jembe. Gari la parokia lilipokuja kumchukua Udagwenga kumpeleka hospitali, ilibidi lipitie katikati ya watu wanaopigana, na dereva hakushusha kioo.

Wafugaji walikuwa wengi. Wakamfunga Margwe kwenye mti wa lango la zizi kwa kamba ya kufungia ndama.

Mwezi mmoja kabla, ng'ombe wa Gidabuday walikula mahindi ya Margwe, na Margwe, kwa hasira, alisema mbele ya watu: "Iko siku nitalichoma hilo zizi." Neno likitoka halirudi. Sasa lilikuwa limerudi limevaa kamba.

"Miaka kumi tunapaka dawa hii," alisema Gidabuday. Alizungumza taratibu, na mkuki wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye mpini. "Miaka kumi moshi uko palepale. Leo imewaka. Nani ametia kitu? Wewe ulisema utachoma. Umechoma."

"Si mimi," Margwe alisema. Damu ilimjaa mdomoni. "Mzee, naapa kwa ardhi hii, si mimi."

"Mke wangu hana uso."

Akauweka mkuki chini ya mbavu za Margwe. Imakulata akaanza kupiga kelele moja ndefu isiyo na maneno. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mikono imejaa masizi ya mwili wa mtu, najua kila kitu. Nikinyamaza, angekufa asiye na kosa. Nikisema, wangemuua aliyenisomesha.

"Mzee Gidabuday, shikamoo," nikasema.

Ni ujinga kuamkia mtu wakati ule, lakini mdomo ulisema wenyewe. Akageuka.

"Si Margwe. Ngoja nikuonyeshe. Ukiona ninadanganya, endelea."

Dumu la njano lilikuwa limebaki nje ya zizi, mbali na beseni, na mafuta kidogo ndani. Nikamwomba Imakulata akalete koroboi yake, ambayo mafuta yake aliyanunua wiki iliyopita. Nikamimina ya koroboi kwenye kopo moja, ya dumu kwenye kopo jingine, nikayaweka mbali, hatua kumi kati yake. Nikachukua fito ndefu, nikaiwasha ncha kwenye mahindi yanayoungua. Nilipoipeleka kwenye kopo la Imakulata, ncha ikagusa mafuta, ikafanya *ssss* na kuzimika. Watu wakanong'ona. Nikaiwasha tena, nikaipeleka kwenye kopo la pili. Kabla haijafika, bado ikiwa juu shibiri nzima, kopo likashika moto kwa mshindo, na watu wote wakaruka nyuma.

"Hii ina petroli," nikasema. "Petroli inatoa mvuke, mvuke unatambaa mpaka kwenye moto. Margwe hakutia kitu. Imekuja hivi kutoka dukani."

Duka lilikuwa moja tu.

"Duka la kaka yako," alisema Gidabuday.

"Ndiyo."

Akaikata ile kamba ya Margwe kwa ncha ya mkuki. Wakaondoka wote, wafugaji na wakulima, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Gendabi niliwaona wakienda njia moja, bega kwa bega, waliotoka kuchinjana dakika tano zilizopita. Nilikimbia nyuma yao nikisema ngojeni, ngojeni. Nilikuwa nimewafundisha somo zuri sana na sasa walikuwa wanakwenda kufanya mazoezi.

Habari zilikuwa zimetangulia, na Abel alikuwa amefika kabla yao. Onesphory alisimama mlangoni na panga, na Abel alipomsogelea akamkata kiganja, vidole viwili vikabaki vinaning'inia. Halafu mawe yakaanza. La kwanza lilimpata kaka yangu kwenye sikio, la pili kwenye meno. Walimvuta kwa miguu mpaka barabarani, kichwa kikigonga ngazi. Wengine wakalitoa pipa, wakalivunja kifuniko alichokigonga kwa nyundo Ijumaa, wakamwagia lote. Alilowa kuanzia nywele mpaka viatu, anakohoa, anajaribu kuinuka na kuteleza. Mafuta yakasambaa barabarani.

"Moto!" watu wakaita. "Leteni moto!"

Mtu akatoka jikoni kwa mama ntilie na kijinga kinachowaka. Nikaingia kwenye dimbwi. Sikufikiri. Nikapiga magoti pembeni ya kaka yangu, mafuta yakanilowesha sketi, nikamkumbatia.

"Njoo basi!" nikamwambia yule mwenye kijinga. "Sogea! Umeona kopo limeshika moto kabla ya fito kufika? Lile lilikuwa kopo, hili ni pipa zima! Mvuke umeshafika kwenye viatu vyako. Tutaungua sisi, na wewe, na wote mliosimama hapo!"

Kila mtu akatazama miguu yake. Dakika ile kemia ilisikilizwa kuliko ilivyowahi kusikilizwa darasani kwangu. Watu wakaanza kurudi nyuma, kwanza taratibu, halafu kwa kusukumana. Yule mwenye kijinga alibaki peke yake, ameganda, hajui akitupe wapi. Gidabuday akampokonya, akakipeleka mbali, upande upepo unakotoka, akakizika kwenye mchanga na kukikanyaga. Halafu akarudi na fimbo. Akampiga Onesphory goti moja, mara moja tu, nikasikia mfupa ukikatika.

"Moto nimeuona leo," akasema. "Unatosha."

Watu waliitikia. Mwanamke mmoja akasema mwalimu ana moyo wa haki, amemtaja hata ndugu yake wa tumbo moja. Hapo Onesphory akainua uso wake uliovunjika, akanielekezea kidole.

"Muulizeni na yeye! Ijumaa alikuja hapa! Alijua! Alimwona mama na dumu!"

"Nyamaza, muuaji," mtu akasema.

Gidabuday akanisogelea. Aliutazama mstari mwekundu kwenye shavu langu.

"Ni kweli, mwalimu? Ulijua?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye petroli, watu mia wananitazama kwa heshima. Nilikuwa nimekubali kufa dakika mbili kabla. Na bado, kwa swali lile dogo, niliogopa.

"Hapana, mzee," nikasema. "Nimejua leo."

Onesphory alinitazama. Hakubisha tena. Nadhani hata yeye aliona kwamba siku ile nilikuwa dada yake kabisa. Polisi walikuja kutoka Katesh wakampakia nyuma ya gari, goti limefungwa kwa leso yangu. Miezi mingi baadaye alinitumia neno moja tu kutoka gerezani kupitia mtu: niangalie duka.

Udagwenga alifariki Jumatano. Mimi nilimwona Jumatatu. Nililetewa ujumbe shuleni kwamba mgonjwa anamtaka mwalimu, nikapanda gari nikiwa nimebeba machungwa, kama vile atakuwa na mdomo wa kulia machungwa. Alikuwa amefungwa bandeji uso mzima, yamebaki macho na tundu la kupumulia. Shanga zake zilikuwa kwenye bakuli pembeni ya kitanda, zimekatwa kutoka shingoni, nyingine zimeyeyuka zikashikana.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwalimu." Sauti ilitoka kama karatasi. "Leo umeniamkia."

Niliyaweka machungwa chini ya kitanda.

"Siku zote unaniamkia. Hata ukiwa mbali unaita, shikamoo mama. Watoto wa Wairaqw wamefundishwa vizuri. Ijumaa tumekutana pale kwenye ngazi, hukuniamkia. Uliangalia dumu." Akapumzika. "Njiani nikawaza, huyu mtoto ana nini leo. Nikasema labda amegombana na kaka yake. Nikasema nitamuuliza Jumamosi, bombani."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na maneno mengi, ya Kiswahili, ya Kiiraqw, hata ya vitabuni. Nililia tu, tena kwa sauti, mpaka muuguzi akanitoa nje.

Gidabuday alikuwa amekaa kwenye ngazi za wodi, fimbo magotini. Alikuwa hajabadilisha shuka tangu Jumamosi. Nikasimama mbele yake.

"Mzee, uliniuliza kama nilijua. Nikasema hapana. Nilijua. Nilijua Ijumaa."

Nilingoja fimbo. Niliitaka ile fimbo, naapa, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Hakuinyanyua. Alikaa anatazama uwanja wa hospitali, vidole vyake vikihesabu kitu juu ya goti.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Kutoka dukani mpaka kwangu ni mwendo gani?"

"Dakika ishirini, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu ya mwanafunzi.

"Ungefika," akasema, "ng'ombe hawajarudi zizini."